Bon Sita za Noeli

Siku ya ine, 26/12/1996

Nimezipanga tena mezani, moja moja, kama mcheza karata aliyebahatika. Bon sita. Baba Kazadi amepita na kikombe chake cha chai, ameniangalia, ameangalia meza, ametoka nje. Miaka ya ndoa imemfundisha mahali pa kupita.

Noeli hii hakuna aliyetoa zawadi ya pesa. Pesa gani? Noti iliyonunua mkate asubuhi, jioni hainunui kiberiti. Basi kila mtu amekwenda kwa Papa Stelio, Mgiriki wa barabara ya stesheni hapa Kamina, amelipa huko, amerudi na bon. Kadi ya bluu, ngumu, ina muhuri na sahihi yake ndefu kama mkia wa panya. Bei haikuandikwa. Imeandikwa tu: mwenye kadi hii apewe kitenge, piesi moja, yadi sita. Pesa inakufa, yadi haifi.

Moja imetoka kwa wazazi wa darasa langu la tatu. Mbili kwaya ya wamama. Moja kaka yangu wa Luena. Moja pasta na mke wake. Ya sita mume wangu, aliyenipa huku akiangalia dari, kwa sababu mwaka jana alinipa sufuria na nilimshukuru vibaya.

Wote wanajua ni za nini. Mwezi wa nne binti yetu Masengo anaolewa. Kwetu bibi arusi hakanyagi udongo siku hiyo. Mama yake na shangazi zake wanavaa kitenge cha namna moja, na yadi zinazobaki wanazitandika chini, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kiwanja. Anapita juu ya nguo za mama zake. Udongo ukionekana, au rangi zikichanganyika, upande wa mume wanapiga kelele na kudai kuku. Kuku si kitu. Maneno ndiyo hayaishi. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alikosa yadi mbili kabla sijaolewa, na mpaka leo anaitwa Mama Yadi Mbili.

Mimi na shangazi watano. Bon sita. Mimi ni tajiri.

Siku ya posho, 28/12

Dukani na Tantine Ngoie, dada ya mume wangu. Kwenda dukani na Tantine ni kazi ya siku nzima. Amegusa kila kitambaa. Amevinusa vingine. Mwishoni amechagua kile cha njano chenye majani ya kijani, wanawake wanakiita matembele. Kizuri kweli. Hata mimi moyo uliruka.

Papa Stelio alikuwa navyo viwili tu. Vingine vimo katika baloti, robota kubwa la vitambaa linalopanda kwa treni kutoka Lubumbashi. Mwezi wa kwanza itafika, kasema. Kisha akatuonyesha vya samaki wekundu. Vilikuwa sita, vimekunjwa vizuri, vinatungoja.

Tantine alivuta midomo.

"Minyi sivale samaki. Niko shangazi ya bibi arusi, siko muvubi wa Mulongo."

Nikakubaliana naye. Naandika hapa ili siku moja nijue wa kulaumiwa. Ni mimi. Na Tantine pia, lakini huyo hajazaliwa mtu wa kumlaumu.

Siku ya posho, 4/1/1997

Sokoni nimekutana na Mama Mujinga, mama ya Ilunga, mkwe wetu mtarajiwa. Mkatoliki, mkulima, mikono kama ya seremala na mdomo kama wembe. Nampenda. Leo nampenda kidogo.

"Mama mwalimu, bikwembe bya arusi bilishafika?"

"Bado, mama. Biko mu njia."

"Basi vala ile makarte! Moja mbele, moja nyuma, kama majani ya Eva!"

Wauza unga wote walicheka. Nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, ili wasione sura yangu. Jibu zuri lilinijia nikiwa nyumbani, ninamenya mihogo. Jibu kali sana. Nikamwambia sufuria.

Siku ya tatu, 22/1

Baloti haijafika. Baba Kazadi ni karani wa depo ya mizigo hapa stesheni, kwa hiyo habari za treni zinalala kitandani mwangu. Behewa lipo Luena. Lokomotivu ipo. Mazut, mafuta ya kuiendesha, haipo. Amenieleza hayo polepole, kama anavyoeleza mvua kwa wanaotaka kusafiri.

Kisha akasema: "Kamata samaki, mama. Vita haingoje matembele."

Vita iko mbali. Iko huko mashariki, kwenye redio. Nimemwambia hivyo.

Kweli ni kwamba mimi ni mtu wa kuweka. Kitu kizuri nikikipata, nakitafutia siku inayokistahili, na hiyo siku huwa haifiki. Kopo la sardini la ubatizo wa mwanetu Kazadi niliweka mpaka likavimba kama chura. Tulilizika nyuma ya choo. Watoto walitaka kumwita pasta.

Lakini bon si sardini. Bon haivimbi.

Siku ya Mungu, 9/2

Vita imetoka kwenye redio. Watu wa kaskazini wanaingia mjini, kwa miguu, kwa baiskeli zilizobeba godoro na bibi kizee juu ya godoro. Kanisani leo benchi hazikutosha. Pasta kahubiri kwa ufupi. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Nyumbani kwetu amefika Mama Umba, binamu ya Baba Kazadi, kutoka upande wa Kabongo. Watoto wanne. Mdogo kabisa ana wiki chache, amefungwa kwenye shati la baba yake. Baba yake hayupo. Hatujauliza.

Wamelala sebuleni. Usiku huu wa mvua mtoto amekohoa sana. Nilikuwa macho. Bon zilikuwa chini ya mto wangu na zilinichoma kichwa.

Siku ya kwanza, 10/2

Nimekwenda kwa Papa Stelio na bon moja. Nikamwomba blanketi. Akasema bon inasema kitenge. Nikasema mtoto hasemi chochote, anakohoa tu. Akanung'unika kwa Kigiriki, akaishusha blanketi ya kijivu kutoka juu kabisa, na chumvi kidogo akanitilia bila kuombwa.

Njiani nilijisikia vibaya, halafu nikaona haya kwa kujisikia vibaya. Mtoto amelala leo kama jiwe.

Bon tano. Shangazi watano. Mama ya bibi arusi atavaa nini? Tantine kasema nitavaa uso wangu mzuri.

Siku ya kwanza, 3/3

Askari wa serikali wanapita wakitoka mbele. Hawapiti tena kwenda. Wanarudi. Wana njaa na hawaangalii watu machoni. Darasani nina nusu ya watoto, na nusu hiyo inaangalia dirisha.

Jana usiku Ilunga amekuja na wazee wake kuuliza kama tutaahirisha harusi. Baba Kazadi kasema hapana. Mimi nimesema hapana. Masengo kasema hapana kabla hatujamaliza kusema hapana. Wazee wakacheka, chai ikanywewa. Huyu binti ametoka kwangu kweli.

Lakini nawaza ule mlango na ile njia mpaka barabarani. Udongo mtupu, mwekundu, na Mama Mujinga amesimama pale mikono kiunoni.

Siku ya kwanza, 10/3

Nimeamua. Nimeshindwa. Kesho asubuhi nachukua samaki. Samaki wekundu watano wakiogelea mbele ya nyumba yangu ni bora kuliko udongo. Tantine amekubali kwa masharti: atavaa, lakini hatatabasamu.

Siku ya pili, 11/3

Duka limefungwa. Kufuli mbili. Papa Stelio ameondoka alfajiri na lori kwenda kusini, mke wake mbele, mashine ya kushona juu ya magunia. Jirani yake kasema alilia. Namwamini. Miaka yote hii hapa Kamina, hata Kiluba chake ni kizuri kuliko changu.

Nimesimama mbele ya kufuli na bon tano mkononi, nimevaa viatu vya kanisa. Mjinga mwenye viatu safi.

Siku ya tano, 14/3

Askari wamevunja duka jana mchana. Sikwenda kuona. Sikuhitaji. Leo nikichota maji nimemwona mke wa askari akipita na kitenge kipya. Samaki wekundu. Kinampendeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nimerudi nyumbani na ndoo nusu. Nimelia. Nimekasirikia bon, Tantine, Wagiriki, reli, sardini. Masengo amekaa nami jikoni. Amesema atakanyaga udongo na atafurahi, yeye anaolewa na Ilunga na si na kitambaa. Ni mtoto mwema. Maneno yake hayakunisaidia hata kidogo.

Siku ya kwanza, 17/3

Naandika haraka. Baba Kazadi amerudi nyumbani saa sita mchana. Mwanaume huyu hajawahi kurudi saa sita mchana, hata siku Kazadi alipozaliwa.

Treni imefika kutoka Luena. Imetumwa kuchukua askari kuwapeleka kusini, na behewa letu lilikuwa limefungwa nyuma yake, hakuna aliyejisumbua kulikata. Baloti ya Papa Stelio iko depo. Ameishika kwa mikono yake. Sasa lokomotivu ina hitilafu, askari wanangoja na kulala kwenye reli, na mlango wa depo una kufuli moja tu.

Nikaruka. Nikasema twende tuichukue.

Hapana, kasema. Mzigo hautoki depo bila sahihi ya mwenyewe.

Mwenyewe amekimbia!

Basi mzigo unamngoja.

Nilimwambia mambo. Nilimwambia askari hawatatoa sahihi. Nilimwambia vita imekula serikali, imekula duka, itakula na depo, lakini yeye atabaki pale na kalamu yake. Alikula bukari yake, tonge la ugali baada ya tonge, akanawa mikono, akarudi kazini. Niliolewa na kanuni ya reli. Mama yangu alinionya.

Siku ya pili, 18/3

Ee Mungu wangu. Siku hii niiandike yote, taratibu.

Asubuhi nilikuwa nazitazama zile bon kwa chuki. Na ile sahihi yenye mkia wa panya nayo ikawa inanitazama. Nikakaa kitako. Sahihi ya mwenyewe! Nimeilalia miezi mitatu.

Sikumwamsha mtu. Nilivaa viatu vya kanisa, nikaenda stesheni, nikapanga foleni dirishani kama kila mtu ingawa nilikuwa peke yangu. Mume wangu akafungua dirisha. Nikasukuma bon ndani.

"Baba Kazadi, hii sahihi ni ya nani?"

Akavaa miwani. Akaleta hati ya mzigo, akaweka kadi kando yake, akalinganisha mkia na mkia. Alichukua muda. Nje askari wawili walikuwa wakigombania sigara.

"Inasema apewe kitenge," akasema.

"Haisemi apewe dukani."

Akasoma tena. Akageuza nyuma, nyuma ni tupu. Nikaona mdomo wake unaanza kucheza pembeni, namna ile ya zamani alipokuwa ananifuata hadi kisimani.

"Mama," akasema, "iko na carte d'identité?"

Mume wangu! Mtu aliyeamka kando yangu! Akaniomba kitambulisho! Nikakitoa kifuani, kwa sababu mimi ni mtu wa kuweka, na nikakipiga juu ya ubao.

Akaandika jina langu kama mgeni. Kisha akasema sharti moja. Kama bon yangu inatoa kitenge, bon ya kila mtu inatoa. Hawezi kufungua baloti kwa mke wake peke yake. Wote wenye bon waambiwe, na waambiwe kimya kimya.

Nilimwambia Tantine Ngoie. Kumwambia Tantine kitu kimya kimya ni sawa na kupiga kengele ya kanisa, ila kengele haiongezi maneno. Kabla ya saa tatu mstari ulitoka dirishani hadi nyuma ya tangi la maji.

Na hapo niliona. Nilidhani mimi ndiye mjinga pekee wa Kamina. Mke wa pasta na bon zake! Kwaya ya sauti ya kwanza na ya pili! Mwalimu mkuu, aliyenicheka Januari nzima! Kila mmoja alikuwa ameweka, anangoja siku nzuri, anangoja rangi nzuri, na kila mmoja alikuwa akificha kadi yake na kuangalia pembeni.

Mbele kabisa ya mstari, kabla hata yangu haijapigwa muhuri wa kutoka, nani? Mama Mujinga. Alifungua kilemba chake. Ndani, zimekunjwa kwenye kitambaa cha leso, bon saba.

Nilimwangalia. Akaniangalia.

"Sema," akaniambia.

"Sina neno, mama."

"Njo vizuri ivyo."

Baba Kazadi akakata kamba. Sote tukanyoosha shingo kuyaona matembele. Gunia likafunguka. Halikuwa na jani hata moja. Kitambaa cha bluu, na juu yake mafeni. Feni kubwa za rangi ya chungwa, za kuzungusha upepo, na waya zake na swichi zake. Baloti nzima. Feni juu ya feni. Mji huu ambao umeme unakuja kama mgeni wa Krismasi!

Tantine aliketi chini kwenye sakafu ya depo. Nilidhani atakufa. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na mstari wote ukashika kicheko, na Baba Kazadi akatuomba, kwa heshima, tucheke kwa sauti ndogo kwa sababu ya jeshi.

Alitoa piesi moja kwa bon moja. Kitambulisho, sahihi, muhuri. Hakuharakisha. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu. Bon zote alizifunga pamoja na kuziweka, ili Papa Stelio akirudi aone mzigo wake umekwenda kwa wenyewe, watu waliokwisha kumlipa.

Nikapokea vyangu vitano. Nikahesabu shangazi kichwani, kama kwamba namba ingebadilika. Mama Mujinga alikuwa bado pembeni, anafunga vyake. Akachomoa kimoja.

"Weye, unaangalia nini? Shika. Sitaki mama ya muke ya mutoto wangu avale makarte."

Nilimshika mkono. Mkono wa seremala.

Sasa kutoka. Askari walikuwa kila mahali kwenye jukwaa. Tukafanya wanachofanya wanawake: tukajizungushia. Yadi sita chini ya nguo ya zamani, yadi sita nyingine juu ya hizo, na nguo kuukuu juu ya vyote. Tulitoka mmoja mmoja, tunatembea miguu mbali mbali kama bata. Mke wa pasta, mwembamba kama fagio, alikuwa mama mnene wa kuheshimika. Askari mmoja alituangalia tukipita.

"Bamama ya Kamina, munakulaka nini? Bote banene!"

Tantine Ngoie hakupunguza mwendo.

"Bukari, mutoto yangu. Mama yako hakukupatiaka?"

Wenzake wakamcheka. Tukapita. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu vya kanisa. Sijawahi kutembea kwa fahari namna ile, hata siku ya ndoa yangu.

Siku ya tatu, 19/3

Jana jioni askari walivunja kufuli ya depo. Kitenge cha mwisho kilikuwa kimeshatoka; wamekuta simenti iliyoganda, na viti viwili. Walikasirika, wakavunja viti.

Baba Kazadi ameripoti viti viwili.

Nimempikia kuku.

Siku ya tatu, 2/4

Treni iliondoka na askari wa zamani. Wapya wameingia kwa miguu, na buti za mpira. Tulilala chini siku mbili, chini ya vitanda, na Mama Umba na watoto wake, na mtoto mchanga kwenye blanketi yake ya kijivu akituangalia kama sisi ndio wageni. Risasi chache. Mtaa wetu haukupoteza mtu. Naandika neno hilo na kulirudia: haukupoteza mtu.

Leo soko limefunguliwa. Wauza mihogo wanasema pesa mpya itakuja. Tutaona.

Harusi iko palepale.

Siku ya posho, 12/4

Masengo ameolewa!

Tulikuwa tayari tangu jogoo la kwanza. Mimi na shangazi watano, bluu na mafeni tangu kilemba hadi kisigino, na kila mmoja na yadi zake mkononi za kutandika. Tantine alikuwa ameahidi kutotabasamu na samaki. Kwa feni hakuahidi chochote, alitabasamu mpaka nikaogopa.

Mlango ukafunguliwa. Masengo akatoka na viatu vyeupe vya kuazima. Tukatandika. Upande wa mume walikuwa wanangoja mlango wa kiwanja ili watukague, Mama Mujinga mbele na wanawake wake nyuma.

Wote mafeni.

Tulijua, bila shaka. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Hakukuwa na upande wetu na upande wao. Jirani, kwaya, mke wa pasta, wote feni. Mji mzima ulikuwa unapepea bila umeme. Kipande chetu cha mwisho kikafika katikati ya kiwanja na Tantine akampigia kelele mwanamke aliye karibu: tandika weye, unangoja nini! Yule akatandika. Alikuwa shangazi ya Ilunga. Mwenzake akaona haya, naye akatandika. Wakatandika wale waliokuja kutukagua! Njia ikapita mlango, ikaingia barabarani, ikageuka kwa fundi wa baiskeli, na Masengo anatembea tu, anacheka, hajui asimame wapi, na Ilunga kando yake anakanyaga ukingo kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka mto.

Mama Mujinga akapiga kelele kwamba ameona udongo. Nikauliza kati ya kitambaa cha nani na cha nani? Akaangalia. Hakuna aliyejua. Nikadai kuku kwake. Akadai kuku kwangu. Tulibishana mbele ya watu wote, pua kwa pua, mafeni kwa mafeni, mpaka mzee mmoja akasema waleteni kuku wawili na mnyamaze.

Wameliwa wote wawili.

Baba Kazadi alicheza. Siandiki zaidi ya hapo, ni mume wangu.

Hakuna mtu Kamina atakayeniita jina lolote la yadi. Nimeshinda. Nilisubiri vibaya, nikachagua vibaya, nikachelewa, na nimeshinda. Najisikia mrefu kama tangi la maji.

Siku ya kwanza, 14/4

Nyumba kimya. Mama Umba na watoto wamepata chumba upande wa misheni. Kitanda cha Masengo kimetandikwa na mtu asiyelala hapo.

Nimefua kitenge changu. Udongo umetoka, isipokuwa mahali pamoja, pembeni ya feni, alama ndogo ya kisigino. Nimesugua kidogo, halafu nimeacha.

Kilipokauka nilikikunja nikakiweka kabatini. Nikakaa kitandani nikaliangalia kabati. Kisha nikakitoa, nikakivaa, nikachukua jembe na kwenda kupalilia mihogo. Siku ya kwanza tu, siku ya kazi, hakuna sherehe. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Nimepalilia mistari miwili mpaka jua likawa kali, nikarudi polepole kwa njia ya nyuma.